UZI: Mwalimu tarajali wa Kiingereza afundishwe nini kabla hajakabidhiwa darasa?

Mwanzisha uzi (mkufunzi wa chuo cha ualimu)

Salaam wanajukwaa. Nimefundisha somo la Kiingereza katika chuo cha ualimu kwa muda mrefu, na ninaomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo naona linapitwa haraka mno: maandalizi ya vijana wanaokuja kufundisha somo hili. Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania ulioanza kutumika Januari 2024 umekileta Kiingereza hadi darasa la kwanza, ilhali katika mtaala wa 2015 watoto wa darasa la kwanza na la pili walijikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa Kiswahili, na Kiingereza walikutana nacho darasa la tatu. Mjadala wa hadharani umejaa swali la lugha ya kufundishia sekondari, swali zito linalostahili uzi wake. Mimi ninauliza la kabla ya hapo. Huyo atakayesimama mbele ya mtoto wa miaka sita ambaye hajawahi kusikia sentensi ya Kiingereza nyumbani kwao, sisi tuliomwandaa tumempa nini mkononi?

Msimamo wangu ni kwamba hitaji lake la kwanza ni Kiingereza chenyewe, na hasa Kiingereza cha kusemwa. Nadharia za ujifunzaji zina nafasi yake, saikolojia ina nafasi yake, na maandalizi ya azimio la kazi (mpango wa muhula) na andalio la somo (mpango wa kipindi) hayakwepeki. Hata hivyo tumezoea kuyaweka haya mbele kana kwamba lugha ni kitu ambacho kijana amekuja nacho tayari kutoka kidato cha nne, na sote tunajua kwamba wengi hawakuja nacho. Walikutana na Kiingereza kama somo la kujibia mtihani kwa maandishi. Walikisoma ubaoni, wakakinakili daftarini, wakakirudisha kwenye karatasi ya majibu. Kwa miaka mingi, mafunzo ya cheti cha ualimu wa msingi yalitolewa kwa Kiswahili isipokuwa katika vipindi vya Kiingereza, kwa hiyo nafasi ya kijana kuizungumza lugha hii chuoni ilikuwa ni hivyo vipindi tu, na ndani ya vipindi hivyo aliyezungumza zaidi alikuwa mkufunzi.

Nitoe mfano wa kipindi nilichokikagua wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwalimu tarajali alikuwa na mada ya kueleza tendo linaloendelea wakati huu. Andalio lake lilikuwa safi, hatua zote zimejazwa, na zana ilikuwa bango lililochorwa kwa bidii. Akaandika ubaoni kanuni: kiima, kisha *am*, *is* au *are*, kisha kitenzi chenye *-ing*. Watoto wakaikariri kwa sauti ya pamoja. Akaandika mifano mitano, wakainakili. Akauliza, "Do you understand?" Darasa zima likaitikia, "Yes, teacher!" Wakati huo huo mtoto mmoja alikuwa anafungua dirisha, mwingine anachonga penseli, na yeye mwenyewe alikuwa anafuta ubao. Somo lote lilikuwa linatendeka mbele ya macho yao, lakini hakuna sentensi hata moja iliyotamkwa juu ya dirisha, penseli wala ubao. Nilipozungumza naye baadaye, alinieleza kwa Kiswahili fasaha maana ya ufundishaji unaomlenga mwanafunzi. Mbinu alikuwa anaijua. Alichokosa ni ujasiri wa kutoka nje ya sentensi tano alizoziandaa, kwa kuwa hakuwa na hakika na ya sita.

Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1975 kwamba mtu hufika kwenye mafunzo ya ualimu akiwa ameshatazama walimu wake wakifundisha kwa maelfu ya saa, na mazoea hayo ya utotoni humwongoza kuliko anavyodhani. Ninaona ukweli wa jambo hili kila mwaka. Kijana aliyefundishwa Kiingereza kwa kukariri kanuni atafundisha kwa kukariri kanuni, hata kama amepata alama za juu katika mtihani wa mbinu shirikishi, mpaka chuo kimpe muda wa kutosha wa kuishi namna nyingine.

Ninapotaja lugha sina maana ya ufasaha wa mtangazaji wa redio. Kiingereza cha darasani kina mipaka inayojulikana: kuanzisha kipindi, kutoa maelekezo mafupi ya kufuatika, kuuliza, kuhakiki kama mtoto ameelewa, kusifu, kusahihisha bila kumvunja moyo, kusimulia hadithi fupi, kuongoza wimbo na mchezo, na kutuliza kelele. Kazi hizi zinaweza kufundishwa, kurudiwa na kupimwa. Kijana akizimudu kwa Kiingereza sahihi na chepesi, watoto watasikia lugha inafanya kazi, na kwa watoto wengi wa shule zetu hapo ndipo mahali pekee watakapoisikia hivyo.

Hitaji la pili ninalitaja kwa kifupi, nitalirudia mkiniuliza. Mwaka 1986 Lee Shulman, naye wa Marekani, alieleza kwamba kulijua somo na kujua kulifundisha vinakutana katika maarifa ya aina ya pekee: kujua ni wapi mwanafunzi atakwama katika somo hilo na kwa nini. Mwalimu wetu wa Kiingereza anapaswa kujua hivyo kwa mtoto anayefikiri kwa Kiswahili, na sio kwa mtoto wa kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Ulaya. Karibuni.

Mwalimu wa shule ya msingi, Tunduru

Ahsante sana Mkufunzi kwa uzi huu. Ninakubaliana nawe kuhusu lugha, lakini ninaomba nipinge mpangilio wako. Unasema lugha kwanza. Sisi tulioko madarasani tunaona kwamba wapo vijana wanaozungumza Kiingereza vizuri kabisa, ila wakiingizwa kwenye darasa lililofurika, kama yalivyofurika mengi tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, lugha yao inaishia kwa watoto wa dawati la mbele. Hakuna aliyewafundisha namna ya kuzungumzisha darasa kubwa, namna ya kugeuza madawati ili jozi zitazamane, wala namna ya kusikiliza jozi chache kila siku ili kufikia mwisho wa wiki mbili awe amewasikia wote. Chuoni tulifanyia mazoezi kwa wenzetu, watu wazima waliokaa kimya na kuitikia vizuri.

Pili, huku kwetu watoto wengi nyumbani wanazungumza Kiyao. Kiswahili chenyewe wanakuja kukikamilisha shuleni. Ukisema mtoto anayefikiri kwa Kiswahili, basi mkumbuke na hawa.

Na nina swali. Darasa la kwanza mtoto anajifunza kusoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kila herufi ina sauti yake na haibadiliki. Kipindi kinachofuata ninamwekea neno *name* na neno *cat*, na herufi ile ile *a* imekuwa na sauti mbili ambazo zote siyo ile aliyoijua asubuhi. Mtoto wangu mmoja alilisoma *name* kwa silabi mbili, "na-me", bila kukosea kitu kwa kanuni niliyomfundisha mwenyewe. Nimwambie amekosea?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, umenipinga kwa haki na ninapokea. Nikiweka lugha kwanza sikusudii kuitenganisha na darasa. Kiingereza cha kutoa maelekezo kwa watoto wengi ni lugha na ni mbinu kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ninataka kifanyiwe mazoezi mbele ya watoto mapema. Vyuo vingi vya serikali vina shule ya msingi ya mazoezi jirani kabisa, wakati mwingine ndani ya uzio ule ule, lakini mwalimu tarajali anaingia humo kwa wingi pale tu ratiba ya mazoezi ya kufundisha inapofika. Ningependa aingie tangu muhula wa kwanza kwa dakika kumi tu: asimulie hadithi, aongoze mchezo, atoke, kisha tuzungumze alichosema na watoto walichofanya.

Kuhusu *name*, huyo mtoto hajakosea kusoma. Amesoma kwa kanuni za Kiswahili neno ambalo si la Kiswahili. Hapa ndipo mafunzo yetu yalipo na pengo kubwa, kwa kuwa tumeleta Kiingereza darasa la kwanza huku wengi wetu tulioandaa walimu tulifunzwa kufundisha Kiingereza kwa mtoto ambaye tayari anasoma. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina herufi yake. Kiingereza cha Uingereza kinachotumika kama kielelezo katika kamusi kina sauti za irabu takribani 20, zikihesabiwa na zile za kuunganika, na zote zinagombania herufi zile zile tano. Kumkabidhi mtoto mifumo yote miwili kwa maandishi ndani ya miezi ile ile ni kumtwika mzigo ambao hata mtu mzima angeyumba nao.

Kwa hiyo mwalimu tarajali anatakiwa aelewe, na awe na ujasiri wa kumweleza mwalimu mkuu na mzazi, kwamba Kiingereza cha darasa la kwanza ni cha masikio na mdomo. Mtoto asikie, atende, aimbe, ajibu. Aitwe asimame, akae, aguse mlango, alete kitabu. Usomaji wake ukomae katika Kiswahili kwanza, kwa sababu stadi ya kuunganisha herufi na sauti ikishaota katika lugha moja huhamishika. Maneno ya Kiingereza yakianza kuandikwa, yaanze yale ambayo sauti zake hazimpingi sana, kama *pen*, *bed*, *desk*, na hayo ya *name* yasubiri. Mzazi atauliza kwa nini daftari la Kiingereza halina maandishi mengi. Mwalimu aliyeandaliwa vizuri ana jibu, lakini asiyeandaliwa atajaza daftari ili asigombane na mtu.

Na kuhusu Kiyao, nimekusikia. Mwalimu tarajali apelekwe kusikiliza lugha ya watoto wa mahali anapokwenda, angalau ajue sauti zipi wanazo na zipi hawana.

Mwanachuo, mwaka wa pili

Shikamooni wakufunzi na walimu wangu. Ninaomba niseme upande wetu. Mnasema hatuzungumzi, na ni kweli, lakini chuoni ukizungumza ukakosea unachekwa. Wenzako wanalirudia kosa lako bwenini mpaka usiku. Na baadhi ya wakufunzi, mtuwie radhi, wanakukatiza kwenye kila sentensi kabla hujaimaliza. Mtu anaamua bora anyamaze apate alama zake kwenye karatasi, kwa sababu mtihani wa mwisho nao ni wa karatasi. Hakuna anayenipima nikizungumza, kwa nini nijiaibishe?

Jambo jingine, tukisahihishwa tunaambiwa tu kwamba siyo hivyo. Mimi nilikuwa ninasema *he has slept* nikimaanisha mtu amelala yupo kitandani, na nikawa ninachanganya *he* na *she*. Niliambiwa nirudie kanuni za kitenzi. Hakuna aliyenionyesha tatizo linatokea wapi.

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu, na usiombe radhi kwa kusema lililo kweli.

Ulilosema la mtihani lina uzito kuliko yote. Kisichopimwa huwa hakifundishwi, hata muhtasari useme nini. Kama stadi ya kuzungumza haina alama katika kumtunuku mwalimu wa Kiingereza, basi tumeshawaambia vijana kwamba haina thamani.

Kuhusu makosa yako, yana asili inayoeleweka. Kiswahili kinasema yeye kwa mwanamume na kwa mwanamke, kwa hiyo ukizungumza kwa haraka hukulazimika kamwe kuchagua. "Amelala" inaeleza tendo lililokamilika na hali iliyobaki kwa pamoja, ilhali Kiingereza kinataka useme hali hiyo kwa namna nyingine, *he is asleep*. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili "Hujala?" ukaitika "Ndiyo", umekubali kwamba hujala, lakini ukilijibu swali hilo kwa Kiingereza kwa *yes*, umesema umekula. Mwalimu anayejua haya hatamwona mtoto kuwa mzembe. Zaidi ya hapo, Kiswahili kinatupa na mtaji. Sauti inayoanza neno "thamani" ndiyo inayoanza *think*, na ile ya "dhahabu" ndiyo ya *this*. Mtoto anayetamka *sink* badala ya *think* mara nyingi anaweza kuisema sauti hiyo akirudishwa kwenye "thelathini" aliyoizoea katika kuhesabu. Kozi nzima ya muhula ingeweza kujengwa juu ya ulinganisho huu, kwa kutumia madaftari halisi ya wanafunzi kutoka shule ya mazoezi, na ingemsaidia mwalimu kuliko sura kumi za historia ya mbinu za ufundishaji.

Mkufunzi mstaafu

Ninawasoma kwa furaha, na ninaomba niongeze kumbukumbu kwa ajili ya vijana, kwa sababu swali hili si jipya. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta iligusa suala la lugha shuleni katika taarifa yake ya mwaka 1982. Mwaka 1984 ukafanyika uchunguzi wa Clive Criper na Bill Dodd juu ya hali ya Kiingereza katika shule zetu, ambao ulionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikuweza kubeba masomo waliyofundishwa kwacho. Matokeo yake ulikuja mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza kwa msaada wa Uingereza, ulioanza mwaka 1987, na mhimili wake mmoja ulikuwa vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi ili wanafunzi wasome kwa wingi na kwa raha.

Ninalikumbusha hili kwa sababu nimeona wazi kwamba vitabu vilifanya kazi pale tu mwalimu alipokuwa mwenyewe ni msomaji. Mwalimu asiyesoma hadithi alivifungia kabatini visichakae. Ndugu mkufunzi umezungumza juu ya mdomo na masikio, nami sikupingi, lakini mwalimu tarajali aliyemaliza chuo bila kusoma kitabu cha Kiingereza kwa hiari yake hana akiba. Sentensi ya sita unayoitafuta kwa yule kijana hutoka katika kusoma. Wapeni vitabu vyepesi, vilivyo chini ya kiwango chao kidogo, wasome vingi, wasiulizwe maswali ya ufahamu kila ukurasa. Kisha wasomeane kwa sauti, maana kumsomea mtoto hadithi kwa sauti ni stadi ya kufundishwa pia.

Mkufunzi kutoka Kilifi, Kenya

Majirani, huku kwetu tumebadilisha cheti cha walimu wa msingi kuwa stashahada, na vyuo vikaanza kupokea wanafunzi wa stashahada hiyo mwaka 2021. Muda umeongezeka, lakini ninawahakikishia kwamba muda peke yake haubadilishi lolote kama ndani yake mmejaza yale yale. Jambo lililotusaidia zaidi limetoka katika mradi wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015 kufundisha kusoma kwa Kiingereza na Kiswahili katika madarasa ya chini. Maafisa wa mtaala walikuwa wanakwenda na vishikwambi vyao hadi darasani, wanamtazama mwalimu akifundisha, wanawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha wanakaa na mwalimu na kumweleza walichokiona siku hiyo hiyo. Mwalimu mpya wa Kiingereza anahitaji mtu wa namna hiyo katika mwaka wake wa kwanza kazini. Msifikiri chuo kinaweza kumaliza kila kitu.

Mzazi na mdau wa elimu

Samahani kama swali langu ni la mtu wa nje. Kwa nini tusichukue vijana waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, ambao wanazungumza bila taabu, tukawapa mafunzo mafupi ya ualimu na kuwapeleka mashuleni?

Mwanzisha uzi

Ndugu mzazi, swali lako ni la haki, na vijana hao wakipenda kazi hii wanakaribishwa. Hata hivyo aliyeipata lugha bila kujua aliipataje mara nyingi hujikuta anashindwa kumsaidia anayehangaika. Anasema haraka, hatumii marudio, na akiona darasa halimwelewi anahamia Kiswahili moja kwa moja na kubaki huko. Huyu naye ana mahitaji yake ya mafunzo, tofauti na ya yule wa kwanza: ajifunze kuipunguza lugha yake ifike kwa mtoto bila kuiharibu. Ndiyo maana ninashauri walimu tarajali wapimwe Kiingereza cha kuzungumza wiki ya kwanza wanapofika chuoni, wagawanywe kulingana na hali zao, badala ya kuwaweka wote katika mkondo mmoja kwa sababu tu wana daraja linalofanana katika cheti.

Mzee wangu mstaafu, la kusoma nimelipokea na nimeona kwamba nililipunja. Mwenzetu wa Kilifi, huku kwetu kuna Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambapo walimu hukutana katika jumuiya za ujifunzaji shuleni. Kwa somo la Kiingereza ningeomba vikao hivyo viendeshwe angalau nusu yake kwa Kiingereza, na mwalimu mpya apewe nafasi ya kuonyesha kipindi, wenzake wakikitazama kwa lengo la kumjenga.

Nimeulizwa kwa ujumbe nianzie wapi kesho, bila kungoja bajeti. Ninajaribu mambo matatu chuoni kwangu. Kwanza, katika andalio la somo la Kiingereza ninataka safu moja zaidi, ambamo mwalimu tarajali ataandika maneno halisi atakayoyasema anapotoa maelekezo, pamoja na swali atakalouliza badala ya "Do you understand?", kwa mfano, "Juma, what are you going to draw?" Jibu la Juma litamwonyesha kama maelekezo yamefika. Pili, kila mmoja anajirekodi akifundisha, kwa simu yake au kwa vishikwambi ambavyo shule zilipokea baada ya Sensa ya 2022 pale ambapo bado vinafanya kazi, na tunasikiliza dakika chache tu tukitafuta jambo moja: mtoto alizungumza lini, na alisema maneno mangapi. Tatu, kwa lile la kuchekana, tunaanza kwa jozi, kisha wanne, kisha darasa zima, na mkufunzi anaandika makosa kimya kimya na kuyaleta mwisho bila majina.

Ninachohitaji kutoka kwenu wa mazoezi ya kufundisha ni fomu za ukaguzi mnazotumia. Ile tunayotumia sisi ina alama za unadhifu, zana, matumizi ya ubao na utunzaji wa muda, na haina mahali pa kupima Kiingereza ambacho mwalimu alikisema wala kile ambacho watoto walikisema. Aliye na fomu yenye kipengele hicho naomba aiweke hapa, tuilinganishe na yetu kabla vijana hawajaondoka kwenda shuleni.